Matete ya Leodegar

Kila alasiri ilipokaribia, Marietha alikuwa na shughuli moja ambayo hakumwambia mtu. Alisimama nyuma ya jiko lake akajifanya anaanika sufuria, kumbe jicho lake liko bondeni, uani kwa jirani yake, Bi Mwanakombo. Alitaka kuona Bi Mwanakombo anatia udhu kwa maji gani leo. Kisima kilikuwa pale pale karibu na mlango wa uani, kisima ambacho marehemu mume wa Bi Mwanakombo alikichimba kabla Chamazi haijajaa watu. Lakini Bi Mwanakombo alikipita kama vile hakipo. Aliinamisha dumu la maji ya kununua, akajaza kopo lake, akakaa kwenye kigoda na kuanza kunawa. Marietha alirudi ndani na sufuria zake, roho ikimuuma.

Maji ya udhu yana masharti. Yasiwe yamebadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Marietha alikuwa Mkatoliki, Mmakonde aliyezaliwa Ndanda, ila huwezi kuishi na Mzaramo ua kwa ua miaka yote ile ukakosa kulijua hilo. Maji ya kisima kile yalikuwa yamebadilika kwa yote matatu, na walioyabadilisha walikuwa Marietha na mumewe Leodegar, wakisaidiwa na kambale wao.

Leodegar alikuwa mchonga vinyago. Ujana wake wote aliumalizia Mwenge, amekaa kwenye gogo, mpingo katikati ya magoti. Macho yalipoanza kumsaliti na mpingo wenyewe ukawa wa kutafutwa kama dawa, alirudi nyumbani akachimba mabwawa mawili nyuma ya nyumba, akayatandika turubai zito, akatia vifaranga vya kambale. Kambale ni samaki asiyelalamika. Umwekee maji mazito kama uji, atakula, atanenepa, atakutazama na masharubu yake. Angelalamika yeye mapema, pengine Bi Mwanakombo asingepata kazi ya kulalamika. Maji yalipozidi kuchafuka, Leodegar aliyafungulia yakashuka na mteremko, yakatuama jirani na kisima, yakazama mchangani. Hakuna aliyefikiri yanakwenda wapi baada ya hapo. Yalikuwa yanakwenda kisimani.

Bi Mwanakombo alikuja kwa ustaarabu mara ya kwanza, na ndoo mkononi, akamwomba Marietha anuse. Siku hiyo Marietha alikuwa na mambo yake, na ulimi ulimponyoka. Alisema mbona bata wa watu nao wananuka na hakuna anayewabebea wenzake ndoo. Bi Mwanakombo alimtazama, akamwaga yale maji taratibu kwenye mchanga, akaondoka. Tangu hapo salamu zikakatika. Mwezi wa Ramadhani futari haikuvuka ua. Krismasi ikafika, Marietha akajipikia pilau mwenyewe, maana miaka yote lilikuwa likipikwa na Bi Mwanakombo, ambaye hakuuamini mkono wa Mmakonde kwenye mchele. Likatoka bokoboko. Familia ililila kimya, na kila mmoja alijua nani amekosekana.

Halafu mwenyekiti wa mtaa akawaita. Alisema hataki kesi kati ya majirani, ila masika ikiisha na harufu bado ipo, mabwawa yatafukiwa.

Aliyewaokoa alikuwa bwana samaki wa manispaa, kijana wa Kihaya anayeitwa Projestus, aliyekuja na pikipiki, buti za mpira zimefungwa nyuma. Aliwaambia yale maji hayana sumu, ni mbolea iliyokosa wa kuila. Wapande majani yanayopenda kukaa majini, yale ndiyo yatakula uchafu. Leodegar akauliza kama yale magugu maji ya ziwani yangefaa. Projestus akashika kichwa. Alisema yeye amezaliwa kando ya ziwa, ameona mitumbwi imefungwa na magugu maji kama imepigwa pingu, na mtu asije akamsikia ameyaleta Dar es Salaam. Matete yanatosha.

Leodegar alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alishuka bonde la Mzinga akarudi na matete begani, mizizi imefungwa kwenye kiroba. Alichimba mtaro mpana kutoka mabwawani hadi mpakani, akautandika nailoni, akajaza kokoto. Kila kokoto aliiosha. Marietha alimwambia hizo ni kokoto, haziendi maonyesho, lakini mzee alizipanga kama anachonga, kubwa chini, ndogo juu, akarudi nyuma kuangalia, akapangua, akapanga upya. Kisha akapanda matete, shina kwa shina. Mwisho wa mtaro aliweka kidimbwi kidogo, akakitia yale majani madogo yanayoelea, madogo kama punje za dengu. Maji yaliingia juu yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yakajivuta polepole kwenye mizizi, na baada ya wiki kadhaa yakawa yanatoka chini meupe. Leodegar aliyakinga kwenye glasi, akaielekeza juani, akaitazama muda mrefu na miwani yake.

"Niende nikamwonyeshe Bi Mwanakombo," alisema.

Marietha alikataa. Alikataa kwa sababu hakutaka kuonekana anajipendekeza kwa mtu asiyemsalimia. Alimwambia mumewe aache, kisima chenyewe kitamwambia.

Matete yakastawi kupita kiasi. Kufika masika yalikuwa yamempita Leodegar urefu, yamesongamana, yanavuma upepo ukija. Tatizo likawa moja tu, yalimziba Marietha asione uani kwa Bi Mwanakombo. Alipoteza kituo chake cha upelelezi. Akabaki anasikiliza tu, na kwa kusikiliza huwezi kujua mtu ametia udhu kwa maji ya dumu au ya kisima. Alipomlalamikia Leodegar, mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Wiki ileile Leodegar alikwenda Mbagala kununua chakula cha samaki, akarudi amechoka, akakaa kwenye kigogo chake pembeni ya matete. Alisema kichwa kinamgonga. Walimwahisha hospitali. Hakurudi.

Msiba ukaingia nyumbani, na mtu wa kwanza kuvuka ua alikuwa Bi Mwanakombo. Hakubisha hodi. Aliingia na khanga mbili, moja amejifunga, nyingine akamfunika Marietha kichwa, akamkumbatia, wakalia pamoja kama vile hakuna lililowahi kutokea. Kisha akafuta machozi, akatoka nje, akaushika msiba mkononi mwake. Watu wa mtaa wanamjua. Akishika shughuli, sufuria zinapatikana, kuni zinapatikana, na vijana waliokaa vijiweni wanajikuta wana mapanga mikononi hawajui yamefikaje.

Marietha alikaa ndani kwenye mkeka katikati ya wanawake. Wageni walikuwa wakija kutoka Masasi na Mtwara, na mvua ilikuwa inanyesha. Kwa mbali alisikia mapanga na majembe upande wa nyuma, akasikia sauti ya Bi Mwanakombo ikielekeza: hapa, na pale, toeni na mizizi yake. Alisikia koleo zinachota kitu kizito. Hakufikiri lolote. Nyumba ya msiba husafishwa, uwanja hufyekwa ili watu wapate pa kukaa na nyoka wasipate pa kujificha. Kwa desturi hiyo angeshangaa kama asingesikia mapanga.

Walimzika Leodegar. Watu wakapungua, turubai likashushwa. Ndipo Marietha alipotoka nyuma ya nyumba kwenda kuwapa samaki chakula, na akasimama.

Palikuwa peupe. Matete hayapo. Mtaro ulikuwa umefukiwa ukasawazishwa, na juu yake palikuwa na majivu ya mafiga yaliyopikiwa wali wa msiba. Kidimbwi kilikuwa kikavu. Kokoto za Leodegar, zile alizoziosha moja moja, zilikuwa zimetandazwa uwanjani mbele ya nyumba ili waombolezaji wasikanyage matope. Alikuwa amezikanyaga yeye mwenyewe siku zote zile, akitoka na kuingia, bila kuzitambua.

Bi Mwanakombo alimwona amesimama, akapanda kutoka kwake na bakuli la uji.

"Nilikuondolea ule msitu, Mama Fransis," alisema. "Nikaona watu wanakuja toka mbali, nyumba ya marehemu ina pori kama pango la kenge. Nikang'oa kwa mikono yangu hii. Yale majani ya kwenye dimbwi nikawapa bata."

Alinyoosha viganja. Vilikuwa vimechanika, matete yana makali. Marietha aliviona, akapokea bakuli.

"Ahsante, dada," alisema.

Hiyo ahsante ilimkaa tumboni kama ugali mbichi. Alikuwa na hasira, tusifichane. Kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe ilikuwa imeng'olewa na kufukiwa, na aliyeing'oa anamletea uji kila asubuhi, amekaa naye hadi ameze kijiko cha mwisho. Angemwambia vipi? Amwambie mwanamke aliyechanika viganja kwa ajili yake kwamba amemharibia? Ndiyo kwanza amerudi. Marietha alikuwa amefiwa na mume, na katika siku zilezile akarudishiwa jirani, na hakuwa tayari kumpoteza huyo naye. Kwa hiyo alinyamaza. Aliziba bomba la mabwawa kwa tambara, akaapa hatafungulia hata tone.

Lakini bwawa la kambale halijui kiapo. Maji yakaanza kugeuka, kwanza kijani, halafu kahawia, halafu rangi isiyo na jina. Marietha alipunguza chakula. Akawa anachota ndoo mbili tatu akamwagia migomba, kazi ya mtu anayekausha mto kwa kijiko, na mvua ikija usiku inamjazia tena. Kambale wakaanza kupanda juu na kufungua midomo, wakimeza hewa. Ukimwona kambale analalamika, jua mambo yameharibika. Ama afungulie yale maji yashuke kisimani, na mwenyekiti aje na vijana wa kufukia, ama samaki wafe. Alimwaza Leodegar na kigogo chake, akaona kote kote anamzika mara ya pili.

Siku moja alasiri Bi Mwanakombo alimkuta amekaa kwenye kigogo kile, amejiinamia. Alikaa chini pembeni yake, akakunja miguu, akaanza kumpa habari za mtaa ili kumchangamsha. Harusi ya nani, nani kamfumania nani. Halafu akasema, kama kitu kidogo tu, kwamba Mungu ni mkubwa, maana hata kisima chake kimepona.

Marietha aliinua kichwa.

"Kimepona lini?"

"Kitambo. Kabla hata ya msiba. Siku moja nilichota nikanusa, nikaona mbona safi? Nikaonja. Safi. Nikamwita na mwalimu wa madrasa akaja akaonja, akasema tia udhu, mama, haya ni maji. Basi mie tangu siku ile ni kisima tu, dumu nimeliweka kando." Alicheka kidogo. "Nilikuwaga nakuombea mabaya, Mama Fransis, nisikufiche. Baada ya kile kisima kupona nikaona Mungu ananiambia niache. Nikawa natafuta siku ya kuja kukuamkia. Ndo msiba ukatangulia."

Marietha aligeukia pale palipokuwa na matete. Kumbe yale maji yalifika. Leodegar akiwa hai, amekaa pale pale kwenye kigogo, upande wa pili wa matete mtu alikuwa anatia udhu kwa maji ya kisima, na wao hawakuona kwa sababu matete yenyewe yaliwaziba. Mzee alikufa hajui. Mwanamke huyu naye anamshukuru Mungu, na ni sawa kumshukuru, ila kuna mtu mwingine wa kushukuriwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Angeweza kunyamaza kwa habari ya mabwawa, hata kwa habari ya samaki. Kwa hili hakuweza.

"Hakikupona chenyewe," alisema. "Leodegar ndiye aliyekiponya. Na dawa yenyewe ni yale matete."

Alimweleza yote, bila kupandisha sauti. Mtaro, kokoto, mizizi inayokula uchafu, majani yale yaliyoliwa na bata, glasi iliyoelekezwa juani. Akamwonyesha tambara kwenye bomba na kambale wanaohema. Bi Mwanakombo alisikiliza, macho yakihama kutoka mabwawani hadi kwenye majivu, kutoka kwenye majivu hadi kwenye viganja vyake, ambavyo makovu yake yalikuwa bado mabichi.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Ulikuwa hunisalimii."

"Nawe ulikuwa hunisalimii."

"Ndiyo," Marietha alisema. "Yeye alitaka kuja. Nikamzuia mie."

Bi Mwanakombo aliinuka, akakung'uta khanga, akashuka kwake bila kuaga. Marietha alimtazama mpaka alipoingia mlangoni. Alijiambia basi, imekwisha. Amemtukana mtu mara mbili, mara ya kwanza kwa ulimi mbaya, mara ya pili kwa ukweli, na safari hii hakuna msiba utakaomrudisha.

Akiwa bado amekaa pale, alisikia jembe.

Lilikuwa linalia nyuma ya jiko la Bi Mwanakombo, pale penye shimo anapotupa taka na kumwaga maji ya vyombo. Liliendelea muda, likanyamaza, likaendelea. Kisha Bi Mwanakombo akatokea anapanda mteremko, khanga ameikunja magotini, matope hadi kwenye viwiko, na kichwani amejitwika beseni. Alilitua mbele ya Marietha akihema. Lilikuwa limejaa mizizi ya matete, myeusi, iliyovurugika kama kamba za katani. Mingine ilikuwa imeoza. Lakini mingine, iliyokuwa ikinyweshwa na maji ya vyombo huko shimoni, ilikuwa imechipua, vichipukizi vya kijani vyenye ncha, vifupi kama kidole.

"Mengine bado yapo," alisema. "Nionyeshe alivyopanga yeye."

Walifukua mtaro pamoja, jioni hiyo na jioni zilizofuata. Kokoto walizizoa uwanjani kwa ungo, wakaziosha. Bi Mwanakombo aliziosha mara mbili kila moja, na Marietha hakumwambia kwamba ni kokoto tu. Kubwa chini, ndogo juu. Alipoinama kupanda shina la kwanza, Bi Mwanakombo alilishikilia kidogo bila kulifukia, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Fransis, unisamehe. Sikujua." Kisha akashindilia udongo kwa kiganja. Marietha aligeuka upande wa mabwawa, akalia hadi akatosheka, na mwenzake hakumharakisha.

Projestus alikuja na pikipiki yake, akashauri wauze kambale wakubwa bei ya chini wabaki na wachache, maji yapumue. Ndivyo walivyofanya. Kwa mwenyekiti alikwenda Bi Mwanakombo mwenyewe, mlalamikaji, akamwambia mabwawa yasiguswe, na kama kuna wa kufukiwa waanze na yeye. Mwenyekiti akalifuta agizo lake. Hata hivyo yale maji mazito hayakuacha kuponyoka siku ya mvua kubwa, na kisima kikanuka tena, na Bi Mwanakombo akarudi kwenye dumu. Safari hii alipolibeba alipita mbele ya jiko la Marietha makusudi, akilalamika kwa sauti kuhusu watu wanaofuga samaki wenye masharubu, na Marietha alimjibu kutoka ndani kuhusu watu wanaofyeka dawa za wenzao. Wote wawili walilala na nafuu.

Matete hayana haraka ya binadamu, lakini yakishashika hayarudi nyuma. Yalifika magoti, yakafika kiuno. Yalipoanza kufika mabegani Bi Mwanakombo alikuja na panga, na Marietha akashtuka. Kumbe alitaka sehemu moja tu. Katikati ya mstari, sawa na mlango wa jiko, alikata pengo la upana wa dirisha.

"Hapa pasiote kitu," alisema. "Mie nikuone, na wewe unione."

Vuli ilipokaribia kwisha, Marietha alikuwa nyuma ya jiko anaanika sufuria, safari hii kweli anaanika. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Kupitia pengo la matete aliona Bi Mwanakombo anatoka na kopo lake, anafika penye dumu, anasimama. Aliliacha dumu. Alikwenda kisimani, akatumbukiza ndoo, akaivuta juu. Aliinama akanusa. Akachota kwa kiganja, akaonja, akakaa kidogo kama mpishi anayepima chumvi.

Marietha alikuwa ameshika sufuria hewani, hajui aiweke wapi.

Bi Mwanakombo akajaza kopo. Kabla ya kukaa kwenye kigoda aligeuka kuelekea lile pengo, akaliinua kopo juani kwa mkono mmoja, akaliacha hapo muda, kisha akaketi na kuanza na viganja.